Kati ya Alasiri na Magharibi: Safari ya kuvitazama vituo vya elimu Biharamulo na Ngara

Barabara kuu itokayo Kahama huingia Mkoa wa Kagera upande wa Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hapo njia hugawanyika: moja hushuka Kakonko, Kibondo na Kigoma, nyingine hupanda Lusahunga. Lusahunga nako msafiri hutakiwa achague tena. Akikata kulia atafika mjini Biharamulo, lilipo boma la Wajerumani, na akiendelea zaidi atafika Muleba na Bukoba. Akinyoosha mbele atapita Nyakahura, aingie Wilaya ya Ngara, afike Benaco, na mwisho ateremke hadi daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda.

Nchi hii imezoea wapita njia tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waislamu iliyotoka Unyanyembe, karibu na Tabora, ilipita Usui kwenda Kafuro huko Karagwe, kisha Buganda. Usui ndiyo nchi ya Wasubi, ambayo sehemu yake kubwa leo imo Biharamulo. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipita humo, nao wakatozwa hongo na mtawala Suwarora kama walivyotozwa wengine. Leo hongo hakuna, ila malori yapo. Hutoka bandari ya Dar es Salaam yakiwa na shehena za Rwanda, Burundi na Kongo, na jioni ikikaribia madereva huegesha Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco ili wale na wapumzike.

Ni malori hayo yaliyotufanya tusafiri. Msikiti wetu upo kando ya barabara hiyo, upande wa Biharamulo. Miaka miwili iliyopita tulianzisha kituo cha masomo ya baada ya shule katika kibaraza cha msikiti. Tulianza na watoto kumi na mmoja, maalim mmoja, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, na ukuta tulioupaka rangi nyeusi ili uwe ubao. Leo watoto wamepita sitini, kibaraza hakitoshi, na wengine hukaa juani wakiwa na daftari magotini. Mwezi wa Ramadhani waumini walichanga shilingi milioni tatu. Tuliporudi kazini baada ya Idi, kamati iligawanyika. Baadhi yetu walitaka fedha hizo zianzishe ukumbi. Wengine walitaka zilipe posho za walimu wawili, kwani yule kijana alikwishatuambia kwa adabu kwamba asingeweza kuendelea bila chochote mfukoni.

Kwa kuwa maneno yalikuwa mengi na ushahidi haba, kamati iliamua kuwatuma watu watatu, imamu, mweka hazina na katibu, wafuate barabara hadi Rusumo na mjini Ngara, waulize jinsi elimu ya nje ya darasa ilivyoanzishwa katika wilaya hizi, ilivyokua, na kilichoikwamisha ilipokwama. Tuliona ni aibu kwenda kuuliza mbali ilhali majirani hatujawauliza.

Benaco ilikuwa kituo chetu cha kwanza. Jina hilo si la Kihangaza wala la Kishubi. Limebaki kutoka kwa kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi yake hapo. Lakini ulimwengu ulilifahamu jina hilo kwa sababu nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, Rwanda ikiwa katika mauaji ya kimbari, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa saa 24 hivi. Katika siku chache vilima vya Benaco vikageuka mji wa maturubai, mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania wakati ule. Wanyarwanda wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996, na wakimbizi wa Burundi waliokuwa kambi ya Lukole wakabaki Ngara hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Mzee mmoja wa hapo, aliyeshuhudia mambo hayo akiwa mtu mzima, alitupeleka mahali palipokuwa na kambi. Hakuna alama kubwa iliyobaki. Miti imeota upya na mashamba ya mihogo na maharage yamerudi. Tulipomuuliza kuhusu watoto, alitueleza kwamba shule zilianza kabla watu hawajamaliza kujenga vibanda. Hilo linaafikiana na kumbukumbu zilizoandikwa. UNESCO na UNICEF walileta masanduku ya vifaa vya kufundishia, kila sanduku likikusudiwa mwalimu mmoja na wanafunzi 80 katika awamu mbili: chaki, rangi ya ubao, madaftari, penseli na mwongozo. Waliofundisha ni wakimbizi wenyewe waliokuwa walimu nchini kwao, na waliosoma walikaa chini ya miti na maturubai.

Imamu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba watu waliopoteza karibu kila kitu walimtafuta mwalimu kwanza na kuta baadaye. Mweka hazina, ambaye alikuwa upande wa ukumbi, alijibu kwamba dharura si mfano wa kudumu, na kwamba turubai huoza. Wote wawili walisema kweli, na mabishano yao yalitusindikiza hadi mwisho wa safari.

Kutoka Benaco tuliteremka Rusumo ili tuuone mto. Ruvubu, unaotoka Burundi, na Nyabarongo, unaotoka Rwanda, hukutana karibu na hapo, nao kwa pamoja huwa Mto Kagera uendao kumimina maji yake katika Ziwa Victoria. Katika maporomoko hayo umejengwa mradi wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Juu yake malori husubiri kukaguliwa, na kati ya malori hupita watoto wenye mabeseni ya ndizi mbivu, karanga na mahindi ya kuchemsha. Baadhi yao walikuwa bado wamevaa sare za shule. Saa ilikuwa kumi na moja ya jioni.

Hapo tulikiona wazi kile tulichokwisha kukiona kwetu bila ya kukipa jina. Saa ya kujifunza na saa ya kuuza ni moja. Dereva huegesha jioni, na mtoto asiyefika na beseni lake jioni hana wa kumuuzia asubuhi. Kwa hiyo mama anapomleta mtoto kituoni baada ya Alasiri, hatoi muda tu. Anatoa unga wa usiku ule. Kituo kisichojua hesabu hiyo kitawalaumu wazazi kwa uvivu, nao hawana uvivu wowote.

Mjini Ngara, juu ya vilima vyenye migomba na mibuni, tulikutana na mama mmoja mstaafu aliyekuwa mwezeshaji wa MEMKWA. Wasomaji wengi wamelisikia jina hilo: ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Wasichofahamu wengi ni kwamba Ngara ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za kwanza za majaribio, mwaka 1999, pamoja na Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini na Songea Vijijini. Wakati ule shule za msingi bado zilitoza ada, na watoto wengi walikuwa wamevuka umri wa kuandikishwa bila kuingia darasani hata siku moja.

Mpango huo uliwagawa wanafunzi makundi mawili, wa miaka 8 hadi 13 na wa miaka 14 hadi 18. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, kwa saa chache kila siku. Kundi dogo lilifanya mtihani wa darasa la nne ili wenye kufaulu wajiunge na darasa la tano katika shule ya kawaida, na kundi kubwa lilielekezwa kwenye mtihani wa darasa la saba. Kila kituo kilikuwa na kamati ya wanakijiji wenyewe. Mwalimu mwenye taaluma alisaidiana na mwezeshaji kutoka jamii ile ile, mara nyingi kijana aliyemaliza sekondari. Majengo yalikuwa yoyote yaliyopatikana: darasa lililo wazi mchana, ofisi ya kijiji, nyumba ya ibada.

Tulimuuliza mama huyo jambo gani lilikifanya kituo chake kijae. Hakutaja vitabu. Alitueleza kwamba kabla ya kuandikisha mtoto hata mmoja, kamati iliwaita wazazi ikawauliza ni saa ngapi mtoto hana kazi. Wafugaji walisema saa yao, wakulima walisema saa yao, na ratiba ikatokana na majibu hayo. Wakati wa kupanda maharage walipunguza siku, na baada ya kuvuna waliziongeza.

Tukamuuliza pia jambo gani lilikipunguza. Alitabasamu, kisha akasema posho. Ada za shule za msingi zilipofutwa chini ya MMEM, kuanzia mwaka 2002, watoto wengi walirudi shuleni moja kwa moja, na hilo lilikuwa la kumshukuru Mungu. Lakini waliobaki nje walikuwa ndio wagumu kuwafikia, na hao walihitaji mwezeshaji mvumilivu kuliko awali. Posho ilipochelewa, mwezeshaji alikwenda shambani kwake au kufungua kibanda. Jengo lilibaki mahali pake na milango yake, likageuzwa ghala la mbolea. Mweka hazina wetu aliandika neno hilo katika daftari yake, na hakuna aliyemwambia aandike.

Msikilizaji wa maelezo hayo anaweza kudhani kwamba siku hizi, ambapo elimu ni bila ada hadi kidato cha nne tangu mwanzo wa mwaka 2016, kituo cha jioni hakihitajiki tena. Uzoefu wetu unasema kinahitajika kwa sababu mpya. Madarasa yamejaa, na mtoto aliyeshindwa kusoma katika darasa la pili huweza kufika la tano akiwa bado anabahatisha herufi. Jambo jingine ni lugha. Mtoto wa Ngara hulelewa kwa Kihangaza au Kishubi, na wa Biharamulo kwa Kisubi, Kizinza au Kisukuma, kisha siku ya kwanza shuleni hukuta kila kitu kwa Kiswahili. Akifika sekondari hukuta Kiingereza. Katika kituo chetu tuliona kwamba nusu saa ya hadithi kwa Kiswahili kila jioni, mtoto akisimulia na wenzake wakimuuliza maswali, ilifungua milango ambayo mazoezi ya ubaoni hayakuifungua. Wapo pia mabinti waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, ambao tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi katika shule za Serikali. Ruhusa ipo, lakini binti aliyekaa nje miaka miwili anahitaji mahali pa kukumbushwa hesabu bila kuchekwa kabla hajalikabili darasa.

Sasa tuje kwenye swali la wazazi wetu wenyewe: je, kituo hakitaila madrasa? Muda baina ya Alasiri na Magharibi ni wa Qur'ani tangu enzi za babu zetu. Baadhi ya wazee walituonya kwamba hesabu na Kiingereza vitaingia kwa mlango wa mbele na juzuu zitatoka kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo inastahili heshima, na si ngeni. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alieleza katika Muqaddima jinsi watu wa Maghribi walivyowafundisha watoto Qur'ani peke yake, na watu wa Andalusi wakaiambatanisha na mashairi, sarufi na hati nzuri. Waislamu walikuwa wakilizungumza jambo hili kabla ya kuwako shule ya Serikali hata moja.

Jibu letu lilitokana na jua. Ngara na Biharamulo zipo mbali upande wa magharibi mwa nchi ilhali saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua letu huzama karibu na saa moja usiku, na Alasiri huingia saa kumi na robo hivi. Katikati kuna zaidi ya saa mbili na nusu. Tuliligawa pato hilo la Mwenyezi Mungu sehemu mbili: saa ya kwanza ni ya Qur'ani na fiqhi, muda uliobaki ni wa kusoma, kuhesabu na kazi za shule. Mtoto anayetoroka sehemu ya kwanza hapokelewi katika ya pili. Tangu utaratibu huo uanze, mahudhurio ya madrasa hayakupungua. Yaliongezeka, kwa kuwa wazazi waliokuwa wakimzuia mtoto kwa ajili ya masomo ya ziada hawakuwa tena na sababu ya kumzuia.

Katika sehemu ya pili huingia pia watoto wa majirani wasio Waislamu. Kulikuwa na mnong'ono juu ya jambo hilo, na imamu aliumaliza Ijumaa moja kwa kuwakumbusha watu kisa cha mateka wa Badri. Mtume (s.a.w.) aliwakubalia mateka waliojua kuandika wajikomboe kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina kila mmoja. Ikiwa Waislamu wa mwanzo walipokea herufi kutoka kwa watu waliotoka kupigana nao, sisi tutaona uzito gani kumpa herufi mtoto wa jirani tunayeazimana naye jembe?

Kuhusu watoto wa mabeseni, tulifuata njia ya MEMKWA ya Ngara. Tuliporudi tuliwaita kina mama wanaouza barabarani, tukawauliza. Walituambia kwamba Jumatatu na Jumanne malori huwa machache, na kwamba Jumamosi asubuhi watoto wana nafasi. Tukaliunda kundi lao kwa siku hizo tatu. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye tangu mwanzo wa mwaka tulikuwa tukimwona barabarani tu, alikuja Jumamosi ya kwanza na beseni lake, akaliweka mlangoni pamoja na viatu. Hesabu ya chenji aliifanya haraka kuliko mwalimu. Kilichomshinda ni kusoma swali lenyewe.

Limebaki suala la shilingi milioni tatu. Katika njia ya kurudi tulizungumza juu ya mfano wa pwani ambao wengine wetu waliusoma chuoni. Katikati ya miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walianzisha madrasa za awali zilizounganisha mafunzo ya dini na maandalizi ya shule. Mpango huo ulienea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kila jamii iliyotaka madrasa iliingia makubaliano: itoe mahali, iunde kamati yenye wanawake ndani yake, na itoe wanawake wa papo hapo wafundishwe ualimu. Baadaye, ilipoonekana kwamba mishahara ya walimu ndiyo huwa ya kwanza kukauka, mfuko wa akiba uliundwa ili faida yake isaidie kuendesha madrasa mwaka hadi mwaka.

Mweka hazina alitoa daftari lake, akapiga hesabu mbele yetu. Shilingi milioni tatu zingenyanyua ukuta wa ukumbi hadi usawa wa madirisha, kisha tungesubiri Ramadhani nyingine. Posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi kwa walimu wawili ni shilingi 120,000, na kwa fedha zile ingelipika miezi 25. Hatukuhitaji kumshinda kwa maneno. Alijishinda mwenyewe kwa kalamu. Imamu alithibitisha kwamba fedha zilikuwa sadaka ya jumla iliyochangwa kwa ajili ya kituo, si zaka, hivyo hapakuwa na kizuizi cha kisheria.

Kamati ilipokutana, si wote walioridhika. Mzee mmoja alisema, na bado anasema, kwamba mvua za masika hazitamsubiri mwalimu amalize somo. Tulikubaliana kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya mabati ya kurefusha kibaraza, na zilizobaki zote ziwe posho. Muumini mwingine akaweka wakfu kipande cha shamba la migomba, mapato yake yaende kwa walimu. Migomba hiyo haitatosha peke yake. Wazazi wameahidi debe la maharage kwa kila nyumba baada ya mavuno, na ahadi hiyo itapimwa msimu ujao. Ikiwa hatutapata njia ya kudumu kabla ya miezi ile kwisha, tutakuwa na kibaraza kirefu chenye mabati mapya na hakuna wa kusimama mbele ya ubao.

Tunawaandikia wasomaji wa familia haya kwa sababu misikiti iliyo na kibaraza ni mingi kuliko iliyo na kituo. Yeyote anayetaka kuanza asianze na ramani ya jengo. Awaulize kina mama saa walizo nazo, amtafute kijana mmoja anayejua kusoma vizuri na kusubiri vizuri, na aandike katika daftari la msikiti, mbele ya mashahidi, nani atamlipa na kwa fedha ipi. Mengine tumeyaona yakikua yenyewe, pole pole, kati ya Alasiri na Magharibi.